Kuhamisha Mtandao wa Ofisi kutoka Anwani za Umma hadi Anwani za Kibinafsi: Hatua, Faida na Tahadhari

Utangulizi

Katika enzi hii ambapo kazi nyingi za ofisi hutegemea tarakilishi, ni nadra mtu kujiuliza jinsi ujumbe unavyotoka katika tarakilishi moja na kuifikia nyingine iliyo ng'ambo ya bahari. Jambo hili huwezekana kwa sababu kila mashine iliyounganishwa na mtandao hutambulishwa kwa nambari maalumu iitwayo anwani ya IP, yaani anwani ya Itifaki ya Intaneti. Baadhi ya taasisi zilizojiunga na intaneti mapema zilipata anwani za umma kwa wingi. Kila mashine, hata printa iliyo pembeni mwa ukumbi, ikapewa anwani yake inayoweza kufikiwa kutoka popote duniani. Mpangilio huo ulifaa zama zake. Leo ni ghali, na pasipo ulinzi madhubuti ni wa hatari.

Makala haya yananuia kufafanua tofauti iliyopo baina ya anwani za umma na anwani za kibinafsi, kueleza sababu za ofisi kuhama kutoka aina ya kwanza hadi ya pili, na kubainisha hatua za kufuatwa ili kazi isikwame. Hoja kuu inayojengwa humu ni kwamba ugumu wa uhamisho huu hauko katika kubadilisha nambari. Ugumu wenyewe uko katika kuwatafuta wote waliozikariri nambari za zamani, wawe watu, programu au taasisi za nje.

Maana ya anwani ya umma na anwani ya kibinafsi

Anwani ya IP ya toleo la nne, ambalo ndilo lililozoeleka, huandikwa kwa nambari nne zilizotenganishwa kwa vitone, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Mathalani, 203.0.113.20 ni anwani ya aina hiyo. Anwani ya umma ni ile ambayo haina pacha duniani. Hutolewa kwa utaratibu maalumu, huandikishwa kwa jina la taasisi inayoitumia, na ruta zote za intaneti zaweza kuelekeza ujumbe kwayo.

Anwani ya kibinafsi, kwa upande mwingine, hutumika ndani ya mtandao wa taasisi au wa nyumbani pekee. Mnamo Februari 1996, hati iitwayo RFC 1918 ilitenga mafungu matatu ya nambari kwa matumizi hayo. Fungu la kwanza huanza 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255, na lina anwani 16,777,216. La pili huanza 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, na lina anwani 1,048,576. La tatu huanza 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255, na lina anwani 65,536. Yeyote aweza kuzitumia pasipo kuomba idhini wala kulipa ada. Ruta za intaneti ya umma hazipaswi kuusafirisha ujumbe unaokwenda kwa anwani hizo, kwa kuwa haiwezekani kujua ni ofisi ipi, kati ya maelfu kwa maelfu zenye anwani 10.0.0.1, inayokusudiwa.

Mfano wa sanduku la posta waweza kulifafanua jambo hili. Shule ya bweni yenye wanafunzi 600 huwa na S.L.P. moja tu. Barua zote huja kwa nambari hiyo, kisha karani huzigawa kwa kufuata jina na bweni la mwanafunzi. Nambari ya sanduku haina pacha katika posta ile, nayo ni sawa na anwani ya umma. "Bweni la pili, kitanda cha tano" ni maelezo yanayopatikana katika shule nyingi, na hayana maana yoyote kwa tarishi wa posta. Hayo ni sawa na anwani ya kibinafsi.

Hapa yafaa istilahi yenyewe iangaliwe kwa makini, kwani neno "kibinafsi" laweza kumpotosha msomaji. Kwa kawaida, mali ya kibinafsi ni mali yenye mwenyewe, na jambo la kibinafsi ni jambo la siri. Anwani ya kibinafsi haina sifa yoyote kati ya hizo mbili. Haina mwenyewe, maana kila mtu anaitumia. Wala si siri, maana mafungu yake yanajulikana ulimwengu mzima. Kinyume chake, ni anwani ya umma ndiyo yenye mwenyewe aliyeandikishwa. Pengine "anwani za ndani" na "anwani za nje" yangekuwa majina yaliyo wazi zaidi. Hata hivyo, makala haya yanayatumia majina yaliyokwisha kuenea, ila msomaji akumbuke kwamba ubinafsi unaotajwa ni wa mahali pa matumizi tu.

Chimbuko la uhaba wa anwani za umma

Anwani za toleo la nne zilifafanuliwa rasmi mnamo Septemba 1981. Kila anwani ina biti 32, hivyo jumla yake haiwezi kuzidi 4,294,967,296. Wakati huo tarakilishi zilikuwa chache na kubwa, na idadi hiyo ilionekana kuwa bahari isiyokauka. Taasisi zilipewa anwani kwa mafungu makubwa makubwa. Chuo cha MIT cha Marekani, kwa mfano, kilikuwa na fungu zima lililoanza kwa nambari 18, lenye anwani zaidi ya milioni 16. Aprili 2017 chuo hicho kilitangaza kwamba anwani zipatazo milioni 14 miongoni mwa hizo hazikuwa zikitumika, na kwamba kingeuza takriban milioni 8. Kampuni ya Amazon ikawa mnunuzi.

Mnamo tarehe 3 Februari 2011, hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake matano ya mwisho kwa mashirika matano ya kikanda. Barani Afrika, jukumu la ugavi ni la AFRINIC, shirika lenye makao yake nchini Mauritius. Nalo liliingia katika awamu ya pili ya kuishiwa mnamo Januari 2020, ambapo ombi moja liliwekewa kikomo cha anwani 1,024. Tangu tarehe 1 Februari 2024, Amazon huwatoza wateja wa huduma zake za tarakilishi senti nusu ya dola ya Marekani kwa saa kwa kila anwani ya umma ya toleo la nne, kiasi kinachokaribia dola 44 kwa mwaka. Ofisi yenye anwani mia moja zilizolala basi imelalia mali.

Jinsi tafsiri ya anwani inavyofanya kazi

Swali linalozuka ni hili: ikiwa ruta za intaneti haziwezi kuifikia anwani ya kibinafsi, mfanyakazi aliye ofisini atasomaje tovuti iliyo nje? Jibu ni mbinu iitwayo tafsiri ya anwani, ambayo hufupishwa kwa herufi NAT. Mbinu hii ilielezwa katika hati RFC 1631 ya Mei 1994. Mfasiri ni ruta inayokaa mlangoni, baina ya mtandao wa ndani na intaneti.

Chukulia kwamba tarakilishi yenye anwani 10.73.10.15 inaomba ukurasa wa tovuti. Pakiti ya ombi hubeba, pamoja na anwani, nambari ya mlango inayotambulisha mazungumzo yale, tuseme 51000. Ruta huipokea pakiti, hufuta anwani ya ndani na kuandika anwani ya umma ya ofisi, mathalani 203.0.113.2, na mlango mwingine, tuseme 40001. Kisha huandika katika jedwali lake kwamba mlango 40001 wa nje ni wa mashine 10.73.10.15, mlango 51000. Jibu likirudi kwa 203.0.113.2, mlango 40001, ruta hulitazama jedwali na kulikabidhi jibu kwa mwenyewe. Kwa kuwa nambari za milango ni 65,536, anwani moja ya umma yaweza kubeba maelfu ya mazungumzo kwa wakati mmoja.

Tokeo moja la mpangilio huu lina uzito mkubwa. Pakiti inayokuja kutoka nje bila kuitwa haina mstari wowote katika jedwali. Hivyo ruta hukosa mahali pa kuipeleka na kuitupa.

Sababu za kuhama

Sababu ya kwanza ni gharama na uhaba, kama ilivyokwisha kuelezwa. Ofisi yenye tarakilishi 60 yaweza kutosheka na anwani tatu au nne za umma badala ya 128.

Sababu ya pili ni usalama. Mashine yenye anwani ya umma isiyolindwa hugongwa hodi na watu wasiojulikana mchana na usiku. Tarehe 25 Januari 2003, programu haribifu iitwayo Slammer ilizivamia hifadhidata za SQL Server zilizofikika moja kwa moja kutoka intaneti. Katika muda wa dakika 10 hivi ilikuwa imekwisha kuzipata nyingi ya mashine zilizokuwa na udhaifu huo, ingawa kiraka cha kuuziba kilikuwa kimetolewa miezi sita kabla. Vivyo hivyo, Novemba 2018 mtu mmoja alidai kuzilazimisha printa zipatazo 50,000 katika nchi mbalimbali kuchapisha tangazo la kumpigia debe mtengenezaji wa video wa YouTube. Printa hizo hazikuvunjwa kufuli lolote. Zilikuwa na njia iliyo wazi kwa ulimwengu, zikapokea kazi kama zilivyoumbwa kupokea.

Sababu ya tatu ni uhuru. Ofisi inayotumia anwani za kampuni ya huduma za intaneti hulazimika kubadilisha nambari za mashine zote pindi inapohamia kampuni nyingine. Ikiwa na anwani zake za ndani, hubadilisha chache tu zilizo mlangoni.

Hatua za uhamisho

Ili kuyaweka maelezo haya bayana, chukulia ofisi yenye wafanyakazi 50, tarakilishi 60, printa nane na seva nne, ambayo imepewa anwani 128 kuanzia 203.0.113.0 hadi 203.0.113.127. Nambari zinazoanza 203.0.113 zilitengwa mwaka 2010 kwa ajili ya mifano ya maandishi, hivyo hazimwonyeshi mtu halisi.

Hatua ya kwanza ni sensa. Msimamizi wa mtandao huandika kila anwani, mashine inayoitumia, kazi ya mashine hiyo, na, muhimu kuliko yote, nani anayeitegemea. Kuzitazama mashine zilizowashwa siku moja hakutoshi. Kuna programu zinazoamka mara moja kwa mwezi, kama ile ya mishahara, na kuituma orodha ya malipo kwa seva iliyoandikwa kwa nambari. Sensa isiyopitia mwisho wa mwezi huiacha programu hiyo nje, na kosa hugunduliwa siku ambayo watu wanasubiri mishahara yao. Kwa sababu hiyo, pakiti zinazopita katika ruta zipaswa kuchunguzwa kwa mwezi mzima kwa uchache.

Sensa ihusishe pia walio nje. Benki yaweza kuwa imeagiza mfumo wake uipokee mashine 203.0.113.20 pekee. Mshitiri wa bidhaa aweza kuwa na sharti kama hilo. Maktaba ya chuo hujisajili kwa majarida ya kielektroniki, na wachapishaji wengi huwatambua wasomaji kwa anwani za umma wanazotokea. Anwani zikibadilika bila taarifa, mwanafunzi aliyeko maktabani huambiwa alipie makala ambayo chuo chake kimekwisha kuyalipia.

Hatua ya pili ni kupanga anwani mpya. Kishawishi kikubwa ni kuchukua 192.168.0 au 192.168.1, kwa kuwa ndizo zinazokuja na ruta nyingi za dukani. Kishawishi hiki yafaa kiepukwe. Mfanyakazi anayeunganisha kipakatalishi chake na ofisi kutoka nyumbani aghalabu huwa na nambari hizo hizo katika ruta yake, na mashine yake haitajua kama 192.168.1.10 ni seva ya ofisi au ni runinga ya sebuleni. Tatizo hilo hilo huzuka matawi mawili, mathalani la Nairobi na la Kisumu, yanapounganishwa ilhali kila moja lilijichagulia nambari zile zile. Ni bora kuchagua sehemu isiyozoeleka ya fungu la 10. Katika mfano huu, wafanyakazi wapewe 10.73.10, seva 10.73.20, printa 10.73.30 na wageni 10.73.40. Kila kitongoji kina nafasi za mashine 254, na msimamizi aweza kuweka kanuni kwamba mgeni asifike kwenye seva. Tahadhari moja zaidi: katika fungu la 172, anwani za kibinafsi hukomea 172.31. Anayetumia 172.32 ametwaa anwani za wengine.

Hatua ya tatu ni kuweka majina mahali pa nambari kabla ya kugusa mashine yoyote. Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayoamua iwapo uhamisho utafaulu. Mahali popote palipoandikwa 203.0.113.20, iwe katika programu ya uhasibu, katika mipangilio ya printa au katika karatasi iliyobandikwa ukutani, paandikwe jina kama "uhasibu" pamoja na kikoa cha ofisi. Jina hilo kwanza lielekezwe kwa anwani ile ile ya zamani, ili ithibitike kwamba kazi inaendelea. Baadaye, nambari ikibadilika, badiliko litafanywa mahali pamoja tu, yaani katika mfumo wa majina ya vikoa. Jina hudumu, nambari ni ya kupita.

Mfumo huo wa majina una kumbukumbu ya muda. Seva zilizouliza jina hukumbuka jibu kwa kipindi kilichowekwa, ambacho chaweza kuwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Siku moja au mbili kabla ya uhamisho, kipindi hicho kipunguzwe hadi sekunde 300, ili badiliko lienee kwa dakika badala ya siku. Muda wa kukodisha anwani katika mfumo wa DHCP, ambao ndio huzigawia tarakilishi anwani zao, nao ufupishwe vivyo hivyo.

Hatua ya nne ni kuhama kwa awamu. Ruta nyingi huweza kubeba anwani za zamani na mpya kwa wakati mmoja, hivyo mitandao miwili ikaishi bega kwa bega. Kitengo cha teknolojia kihame kwanza, ili wenye kuleta badiliko ndio waonje taabu yake kabla ya wengine. Zifuate tarakilishi za idara moja moja, kisha printa. Seva ziwe za mwisho. Kila jioni ya uhamisho iwe na njia ya kurudi nyuma iliyoandikwa: nakala ya mipangilio ya ruta, na saa ambayo, endapo mambo hayajatengemaa, kila kitu kitarejeshwa kilivyokuwa.

Seva zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa baadhi yake lazima zifikiwe kutoka nje. Seva ya tovuti hupewa anwani ya ndani, kisha ruta huagizwa kwamba maombi yote yanayokuja kwa anwani fulani ya umma, katika mlango wa tovuti, yapelekwe huko. Ni mlango ule tu unaofunguliwa. Seva ya barua pepe nayo ipewe anwani ya umma isiyoshirikiwa na wafanyakazi. Ikiwa itatoka kwa anwani moja na tarakilishi zote, na moja kati ya tarakilishi hizo ikaambukizwa na kuanza kumwaga barua taka, anwani hiyo huingizwa katika orodha za watuhumiwa, na barua halali za ofisi nzima hukataliwa. Aidha, wafanyakazi walio ndani wanapoliuliza jina la tovuti ya ofisi yao, yafaa wajibiwe kwa anwani ya ndani, kwani ruta fulani hushindwa kumtoa mtu nje na kumrejesha ndani kwa mlango ule ule.

Hatua ya mwisho ni kuzirudisha anwani za zamani, na hapa ndipo penye hatari isiyotambulika upesi. Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Ofisi ikiiachilia 203.0.113.20 ilhali benki bado inaiamini, kampuni ya huduma yaweza kumpa mteja mwingine anwani hiyo. Mteja huyo, bila hata kukusudia, atakuwa amerithi imani aliyopewa mwingine. Ndiyo maana anwani za zamani zipaswa kushikiliwa kwa miezi kadhaa baada ya uhamisho huku ruta ikinakili kila pakiti inayozijia. Kila pakiti ya namna hiyo ni mtu au programu ambayo bado imekariri nambari ya kale. Zirudishwe pale tu ambapo kila taasisi ya nje imethibitisha kwa maandishi kuwa imezifuta katika orodha zake, na rekodi zote za majina zimeondolewa.

Tahadhari

Pamoja na faida zilizotajwa, uhamisho huu una hasara zake. Kwanza, watu wengi hudhani kwamba anwani ya kibinafsi ni ngao. Nyumba njema si mlango. Tafsiri ya anwani humzuia mgeni asiyeitwa, lakini haimzuii aliyeitwa. Mfanyakazi akifungua kiambatisho chenye programu haribifu, mazungumzo yanaanzia ndani, na ruta huyapitisha kwa adabu zote. Ukuta wa kinga wenye kanuni zake, viraka vya programu na nywila imara vingali vya lazima.

Pili, ipo njia ya pembeni. Tarakilishi za kisasa huja zikiwa na toleo la sita la itifaki, lenye anwani za biti 128 ambazo ni nyingi kupita mahitaji. Kampuni ya huduma ikiliwasha toleo hilo, mashine iliyojificha nyuma ya 10.73.10.15 yaweza kuwa na anwani nyingine ya umma ambayo msimamizi haijui. Kanuni za ulinzi sharti zitungwe kwa matoleo yote mawili. Isitoshe, toleo la sita, lililozinduliwa rasmi kwa matumizi ya dunia nzima tarehe 6 Juni 2012, ndilo suluhisho la kudumu la uhaba. Anwani za kibinafsi zimeupunguza makali tu.

Tatu, zipo programu zinazotatizwa na mfasiri. Baadhi huandika anwani ya mashine ndani ya ujumbe wenyewe, mahali ambapo ruta haifasiri. Simu za intaneti ni mfano mmoja, na upokezanaji wa faili wa kizamani ni mfano mwingine. Programu za aina hiyo zijaribiwe mapema.

Nne, na pengine kubwa kuliko zote, ni suala la uwajibikaji. Zamani kila tarakilishi ilipokuwa na anwani yake ya umma, kitendo kilichofanywa mtandaoni kiliweza kufuatiliwa hadi kwenye meza iliyohusika. Baada ya uhamisho, watu 50 huonekana nje kama mtu mmoja. Wachunguzi wakija na malalamiko chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na ofisi isiwe na kumbukumbu za jedwali la tafsiri, wafanyakazi wote huwa washukiwa, na asiye na hatia hana namna ya kujitetea. Kumbukumbu hizo zionyeshe anwani ya ndani, mlango wa nje na saa kamili, na saa za mashine zote zilinganishwe. Kwa upande mwingine, kumbukumbu za namna hii hueleza mienendo ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezihifadhi awe na sababu halali na asizikalie kupita muda unaohitajika. Ni wajibu wa ofisi kuamua mapema nani atazisoma, kwa idhini ya nani, na lini zitafutwa.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba kuhama kutoka anwani za umma hadi za kibinafsi huipunguzia ofisi gharama, huiondolea mashine zake macho ya wapita njia na huipa uhuru wa kubadilisha kampuni ya huduma. Yameonyesha pia kwamba kubadilisha nambari zenyewe ni kazi ya jioni chache, ilhali kuwatafuta wanaozitegemea ni kazi ya miezi. Nambari iliyokaririwa na benki, na programu ya mishahara au na mchapishaji wa majarida ni ahadi ambayo ofisi iliitoa bila kuiandika. Anayehama pasipo kuzihesabu ahadi zake huwaachia wengine hasara.

Yapendekezwa basi kwamba ofisi yoyote inayonuia kuhama ianze kwa sensa iliyopitia mwisho wa mwezi, ibadilishe nambari kuwa majina kabla ya kubadilisha mashine, itunze kumbukumbu za tafsiri kwa kufuata sheria, na isirudishe anwani hata moja kabla haijajua nani bado anaiita. Ofisi isiyofikiria kuhama leo nayo yaweza kuanza na hatua ya tatu, kwani kuita vitu kwa majina yake hakuhitaji ruta mpya wala fedha.